Bawa la kwanza la paramota ukiwa Tanga: nunua lipi?

Paramota, kwa asiyeijua, ni kuruka kwa bawa la kitambaa ukiwa na injini yenye propela mgongoni. Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Niko Tanga mjini, nina kilo 74, kozi ya paramota nimemaliza Afrika Kusini na mota ninayo tayari, ni Moster 185, na fremu yake na kiti ni kilo 29. Bawa ndo sina. Kuna mgeni Pangani anafunga nyumba anaondoka, ananiuzia bawa la rifleksi la mita za mraba 22 kwa dola 900. Kuna jamaa mwingine ana parashuti ya kurukia milimani, zile za bila mota, ananipa bure kabisa. Au nijibane niagize jipya la wanaoanza? Wasiwasi wangu hilo la wanaoanza litakuwa pole sana, kusi ikivuma huku si nitabaki nimesimama hewani? Afu hizi EN A, EN B, DGAC zinanichanganya."

Marahaba mdogo wangu. Jibu fupi nakupa hapa hapa usije ukapanda basi la Pangani na hela mfukoni kabla hujamaliza kusoma. La 22 achana nalo. La bure lichukue lakini usirukie na mota, nitakwambia la kulifanyia. La kuruka nalo tafuta bawa la wanaoanza lenye cheti cha EN A, au EN B ile ya upole, liwe na trima (vile vikanda unavyofungua au kufunga ili kubadilisha kasi ya bawa), na saizi iwe ya kubeba kilo 123 hivi, ambayo kwa kampuni nyingi inaangukia kati ya mita 26 na 28.

Hiyo 123 nimeitoa wapi? Tuanze hapo maana kwenye kilo ndo watu wanadanganyana sana. Namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha bawa sio uzito wa mtu, ni uzito wa jumla wa kila kitu kinachopaa, na bawa lenyewe limo. Kwaiyo we 74, viatu helmeti nguo redio na simu weka 4, mota 29, petroli lita 9 ni kama kilo 7 kwasababu lita moja haifiki hata kilo, ni robo tatu hivi, bawa 6, parashuti ya akiba 2, boya la kujiokoa majini 1. Hapo ni 123, na ni 123 ya kwenye karatasi. Kilo 29 za kwenye tangazo mara nyingi ni mota haina hata tone la mafuta, na kuna kampuni wanapima bila kiti kabisa, afu mtu akishaichukua anafunga begi, anafunga kamera, anaongeza hiki na kile. Vaa kila kitu, jaza tanki, nenda kapimwe kwenye mzani wa magunia, pale sokoni Mgandini watakucheka lakini watakupima. Ile namba utakayoisoma pale ndo ya kununulia bawa, hata hii yangu ya 123 itupe.

Sasa ukifungua kitabu cha bawa utakuta uzito umeandikwa mara mbili. Kuna ule wa kuruka bila mota, huo ndo uliopimwa kwenye cheti cha EN, na kuna ule wa kuruka na mota ambao ni mkubwa zaidi, unaweza kuzidi ule wa kwanza kwa kilo 20, 30 na zaidi. Muuzaji atakusomea huo mkubwa, ni kazi yake. Wewe soma yote miwili. Mtu wa kwanza kwanza kama wewe natamani 123 yako iangukie sehemu ya juu ya uzito wa EN, ikizidi izidi kidogo tu, na kwenye ule wa mota uwe katikati. Na wala usikimbilie upande wa pili ukanunua 32 kwa kudhani kubwa ndo salama, bawa kubwa likiwa na mzigo mdogo linakuwa legevu, linayumbishwa na kila kitu, na upepo ukija ghafla ukiwa chini linakunyanyua kabla hujakubaliana nalo.

La 22 la mgeni wako tatizo lake sio ubovu. Inawezekana ni bawa zuri kweli, kwa yeye. Tatizo ni kwamba spidi ya bawa inapanda kwa kipeuo cha pili cha uzito unaobebwa na kila mita ya mraba. Kilo 123 kwenye 28 ni kama 4.4 kwa mita moja, kwenye 22 ni 5.6. Fanya hesabu, kila spidi yako inapanda kama asilimia 13, spidi ya kuruka, spidi ya kugeuka, spidi ya kutua, na spidi unayotakiwa kuifikia kwa miguu yako mwenyewe kabla bawa halijakuondoa ardhini. Na nguvu ya kujigonga ukikosea kutua haipandi kwa 13, inapanda kwa 27. Hapo sijaongeza kwamba umbo la rifleksi (ukingo wa nyuma umeinama juu kidogo, nitalieleza huko chini) linabeba kidogo kuliko bawa la kawaida la ukubwa huohuo, kwaiyo 22 ya rifleksi ukiwa nalo utalihisi dogo zaidi ya hiyo 22.

Naomba uifikirie picha ya kupaa kwenyewe maana hapa ndo bawa la kwanza linachaguliwa, sio kule juu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uko kwenye uwanja wa mpira au mchanga uliokauka, upepo ni kama haupo. Mgongoni una mota na mafuta, kilo 36. Unavuta raiza za A, yani ile mikanda ya mbele inayounganisha kamba za bawa na kiti chako, bawa linapanda. Bawa la wanaoanza linapanda taratibu, linafika juu ya kichwa, linasubiri, unapata sekunde ya kuinua macho uone kama limekaa sawa na kamba hazijashikana, afu ndo unaweka gesi, yani unaipa injini nguvu. La dogo lenye kasi halisubiri, likifika juu linataka kukupita liende mbele, lazima ulidake na breki, ukidaka sana linarudi nyuma, ukidaka kidogo linajikunja mbele yako. Tuseme umelidaka vizuri. Sasa kimbia. Kama bawa la 28 linahitaji kilomita 26 kwa saa kukubeba, la 22 linataka 29 na kitu. Mtu mwenye kilo 36 mgongoni kwenye mchanga laini akifika 14 au 15 amejitahidi sana, zinazobaki zitoke kwenye upepo na kwenye msukumo wa propela, na hizo kilomita tatu nne za mwisho ndo zinazomfanya mtu akate tamaa akakaa kwenye kiti mapema. Akikaa mapema anashuka na fremu, propela inapiga chini, na propela Tanga haiuzwi dukani, utasubiri mzigo.

Ongeza joto. Hewa ya nyuzi 32 hapa usawa wa bahari ni nyepesi kama hewa ya kawaida ya mita 600 hivi kwenda juu, inakuongezea asilimia tatu nyingine za kukimbia. Ndo maana watu wa pwani wanaopaa saa tano asubuhi wanakimbia mbio ndefu kuliko yule wa saa kumi na mbili na hawajui kwanini.

Afu kuna kitu cha propela. Propela ikizunguka upande mmoja, wewe na fremu mnasukumwa upande wa pili, na ukiweka gesi yote kwa injini ya nguvu kama Moster hiyo hali unaihisi vizuri. Bawa kubwa la upole linageuka taratibu kuelekea huko, una muda wa kulirekebisha. Dogo linaitikia haraka, mtu mgeni anavuta breki ya upande wa pili kwa nguvu huku gesi iko wazi yote, hapo sasa upande mmoja wa bawa unaweza ukaacha kuruka kabisa ukiwa mita 15 kutoka chini. Hiyo ndo ajali ya paramota ninayoiogopa kuliko zote.

Sasa kusi.

Hili swali lako la kusi ni zuri na nalisikia kila mara, na watu wa pwani ndo tunaingia kwenye huu mtego kuliko watu wa bara. Mantiki yake ni kwamba upepo wetu ni mkali basi tununue bawa la kasi. Tuchukue namba. Bawa la wanaoanza trima zikiwa zimefungwa linakwenda kilomita 36 mpaka 39 kwa saa, ukifungua trima 44 au 45. La rifleksi dogo likifunguliwa lote na ile spidi ba, fimbo ya kusukuma kwa miguu ili bawa liongeze kasi, linaweza kufika 60. Mchana wa Juni au Julai kusi ikiwa imeshika, 30 kwa saa ni jambo la kawaida. Kwaiyo ni kweli kabisa, la wanaoanza litakuwa linatambaa na la rifleksi litakuwa linakwenda. Kule juu umeshinda hoja.

Ila haukai kule juu. Utashuka. Kwenye upepo wa 30 ukishagusa chini bawa linabaki limejaa nyuma yako na lina nguvu ya kukuburuza uwanja mzima na mota mgongoni, na likiwa la kasi linafanya hivyo kwa hasira zaidi. Upepo huohuo ukipita juu ya minazi au mapaa ya nyumba unaacha mizunguko ya hewa iliyovurugika upande wa pili, na sisi viwanja vyetu karibu vyote vina minazi upande wa baharini. Bawa la kasi halikutoi humo. Anayeruka kwenye kusi ya mchana ni mtu mwenye miaka ya kutosha hewani, na hata yeye mara nyingi anaangalia bahari inavyotoa povu anarudisha mota kwenye gari.

Kinachotatua shida ya kusi ni saa. Wavuvi wa Sahare na Kigombe wanakufundisha hili bure. Usiku na alfajiri kuna umande unaotoka bara kwenda baharini, mwepesi na laini, unaishia saa mbili au saa tatu hivi. Baada ya hapo jua linapasha nchi kavu na upepo wa bahari unaingia, na kama ni msimu wa kusi unajumlika na kusi yenyewe. Jioni kabla ya magharibi unapungua tena, kwenye kaskazi sio kila siku, kuna siku kaskazi ya Januari inavuma mpaka usiku. Maleleji, yani kipindi cha upepo mwepesi kati ya kusi na kaskazi, ya Oktoba na Novemba, na yale ya kabla ya masika kuanza kumwaga, ndo mwanafunzi anapata asubuhi nyingi nzuri mfululizo. Ukiruka kwenye hizo saa bawa la kilomita 38 linakutosha kabisa na la 60 halikuongezei chochote.

Ila umande una ujanja wake, na hili linaingia moja kwa moja kwenye kuchagua bawa. Unavuma kuelekea baharini. Maana yake alfajiri ufukweni unapaa ukiwa umeelekea nchi kavu, yani kwenye minazi, na ukitoka kutembea juu ya maji injini ikazima, upepo unakusukuma mbali na nchi. Bawa la wanaoanza na mota linateleza kama mita 6 kwenda mbele kwa kila mita moja linaloshuka. Uko mita 100 juu, una mita 600 kwenye hewa tulivu, ukirudi dhidi ya umande ni pungufu ya hapo. Kwaiyo asubuhi kaa juu ya nchi kavu au juu ya mchanga uliopwa. Mtu akiingia majini na mota mgongoni mambo ni mabaya sana, ndo maana nimeweka boya kwenye hesabu ya kilo, sio pambo. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, yakipwa fukwe za upande wa Ushongo zinafunguka uwanja mkubwa ajabu, ila angalia ratiba ya maji, uwanja ulioondokea sio lazima uukute wakati wa kutua.

Twende kwenye hizo herufi. EN ni kipimo cha Ulaya, namba yake EN 926, kina sehemu mbili. Moja inapima uimara, bawa linavutwa mpaka mara 8 ya uzito wake wa juu kuona kama kamba au kitambaa kitaachia. Ya pili inapima tabia, rubani wa majaribio analikunja bawa makusudi hewani, upande mmoja, mbele, analistolisha yani analifanya liache kuruka, afu wanaangalia linageuka kiasi gani na linajifungua lenyewe au mpaka lisaidiwe. A ndo linalosamehe kuliko yote, B linasamehe vizuri, C linataka mtu anayejua anachofanya, D ni la wenye kazi yao. Kwako A, au B iliyoandikwa kwenye kitabu chake kwamba hata mwanafunzi anaruhusiwa.

Kuna mambo mawili muuzaji hasemi. La kwanza, hiyo herufi ilipimwa bila mota. Msukumo wa propela, uzito wa mota nyuma, hivyo havimo. La pili, herufi ni ya uzito uleule uliopimwa na trima zikiwa pale zilipokuwa siku ya kupima, ambapo mara nyingi ni zimefungwa. Ukifungua trima mpaka mwisho ile herufi A haikuhusu tena, uko kwenye maneno ya kampuni.

DGAC ni kitu tofauti. Ni mamlaka ya usafiri wa anga ya Ufaransa, na kwa paramota kampuni yenyewe ndo inatangaza kwamba bawa limetimiza masharti. Haitoi herufi. Bawa la mwanafunzi linaweza kuwa na DGAC na bawa la mashindano linaweza kuwa na DGAC, kwaiyo mtu akikwambia "lina DGAC" ni sawa na hajakwambia lolote kuhusu upole wake. Sitashangaa la 22 la Pangani likiwa na cheti hicho tu na hakuna kingine.

Na rifleksi, maana huyo mgeni atakuwa ameshakusifia. Mike Campbell-Jones wa Paramania kule Uingereza ndo anatajwa kama mtu aliyelileta kwenye mabawa yetu haya. Bawa la kawaida ukilikata kwa ubavu utaona mgongo wake unashuka mpaka ukingo wa nyuma, la rifleksi ukingo wa nyuma unainama juu kidogo. Kwa umbo hilo mzigo mwingi unahamia kwenye kamba za mbele, bawa linakaa sawa lenyewe na linagoma kujikunja hata likiwa kwenye kasi. Ni kitu kizuri kweli na siwezi kukidharau. Shida inakuja ukishika breki. Breki zinavuta ule ukingo wa nyuma kwenda chini, yani unaiondoa rifleksi ukiwa kwenye kasi kubwa, ulinzi unapotea palepale ulipouhitaji. Ndo maana trima zikiwa wazi unatakiwa ugeuke kwa vishikio vya ncha za bawa, breki kubwa ziache. Sasa mtu mwenye saa kumi hewani akishtuka anafanya nini? Anavuta breki. Mikono ya kila mtu iko hivyo mpaka ifundishwe. Na la rifleksi likifikia kujikunja kweli likiwa kwenye kasi, linajikunja kwa nguvu kuliko la kawaida.

Siku hizi yapo mabawa ya wanaoanza yenye rifleksi kidogo inayoamka tu ukifungua trima, hayo sina neno nayo. Paa na trima pale kitabu kinaposema, mengi ni zimefungwa au zimefunguliwa kidogo sana, ruka hivyohivyo mpaka uzoee, trima utazijaribu ukiwa juu na hewa imetulia.

La bure sasa. Parashuti za milimani za mtu wa kilo zako nyingi zinabeba 80 mpaka 100 za jumla. Wewe ni 123. Halitakatika, lile jaribio la mara 8 linaacha nafasi kubwa, lakini utakuwa unaruka kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukipima kwa uzito huo, halina trima za kurekebisha chochote, na breki zake kwa mota nyingi zinaning'inia mahali pasipo pake. Afu kitu cha bure mara nyingi ni kizee. Hata hivyo lichukue! Hilo ndo la kuchezea chini. Jioni upepo ukiwa 12 mpaka 15 hivi nenda ufukweni bila mota, lisimamishe juu ya kichwa, tembea nalo kushoto kulia, geuka, lishushe, lipandishe tena. Jua na mchanga vilile hilo la bure, jipya lako libaki kwenye begi. Mwanafunzi aliyechezesha bawa chini mpaka akachoka anapaa mara ya kwanza kama mtu aliyeanza zamani, hiki kitu hakina njia ya mkato.

Kama jipya linakushinda, na najua linaweza kushinda kwasababu jipya la wanaoanza ni dola 3,000 mpaka 4,500 kabla ya usafiri na ushuru wa bandarini au uwanja wa ndege, basi used nzuri ya saizi yako ipo sokoni na hapo lazima ujue kulikagua. Tandika mahali safi kivulini. Anza na kibandiko, kiko kwenye ubavu wa chumba cha katikati au kwenye ncha, kina jina, saizi, namba na mwaka. Kisipokuwepo funga begi uende nyumbani. Afu shika kitambaa cha upande wa juu karibu na ukingo wa mbele, ukifikiche sikioni. Kizima kinalia kama noti mpya, kilichochoka kinanyamaza na kulala kama khanga iliyofuliwa miaka mitano. Kiweke mdomoni upulize kwa nguvu, pumzi ikipita upande wa pili bila ubishi hilo limekwisha, na hili sio suala la uzuri, kitambaa kinachovuja hewa kinafanya bawa lichelewe kupanda na, ukiwa umevuta breki huku umeweka gesi yote, linaweza kuacha kuruka mbele likaanza kushuka wima huku linaonekana limejaa vizuri tu.

Kamba shika moja moja, pitisha kidole kutoka kwenye raiza mpaka kwenye bawa. Unatafuta mahali ganda limechanika, mahali pagumu, na fundo la chumvi. Chumvi ya bahari ikikaukia kwenye kamba na kitambaa inabaki punje zinazokata nyuzi ndani kwa ndani, kwaiyo bawa lililowahi kuingia baharini uliza lilisuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi siku ileile au lilikauka hivyohivyo. Shika raiza zote mbili mwenzako avute kamba za kushoto na za kulia kwa pamoja, zilingane. Trima zifungue na kuzifunga, mkanda wake ukiwa umechanika manyoya na unateleza ukivutwa, trima moja itakufungukia hewani na nyingine itabaki. Mwisho fungua ncha za bawa utikise, mchanga utakaotoka utakwambia aliyekuwa nalo alikuwa anatua wapi na anatunzaje vitu. Angalia pia matobo madogo, panzi akikunjwa ndani anatafuna njia ya kutoka, na panya wa store hawahitaji maelezo.

Hayo yote ni ya kulikataa bawa. Ya kulikubali ni karatasi ya fundi aliyelipima kwa mashine, inayotaja sekunde za hewa kupita kwenye kitambaa na urefu wa kamba. Mabawa mengi yanatakiwa kupimwa kila miaka miwili au kila saa 100 hadi 150 za kuruka, kutegemea kitabu chake, na jua la huku ni kali kwaiyo mi ningehesabu la pwani limezeeka mapema kuliko saa zake zinavyosema. Bawa lisilo na karatasi bei yake ni ile baada ya kulituma kupimwa, sio ile unayotajiwa.

Majina ya kuanzia kutafuta: Mojo Power ya Ozone, Boxer ya ITV, Universal ya Dudek. Zipo nyingine nzuri tu, na kabla hujalipa muulize aliyekufundisha Afrika Kusini, yeye ndo ameona miguu yako inavyokimbia, mi sijaiona. Rangi chagua unayotaka ila juu na chini zisifanane, ukitandika kwa haraka utajua kama liko kichwa chini.

Na kabla ya kitu chochote kupaa ongea na TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, tena kwako ni lazima zaidi kwasababu uwanja wa ndege wa Tanga uko mjini hapohapo, na ndege ndogo zinazokwenda Pemba na Unguja zinapita chini kuliko unavyodhani. Upande wa Saadani usiingie bila ruhusa ya hifadhi.

Ukishatoka Mgandini nitumie ile namba ya mzani, na kama umepata used yoyote piga picha ya kibandiko na ya raiza zikiwa zimenyooshwa, trima zimefunguka mpaka mwisho. Kwa hivyo viwili naweza kukwambia kama inafaa hata kuanza kuzungumza bei.